Bima ya Mwaka Mzima, Lakini Kila Safari Ina Siku Zake



Kila mwaka skuli zinapokaribia kufungwa na watu wanapoanza kutafuta tiketi za Zanzibar, Mombasa, London na Salalah, jamaa na majirani huniuliza suali moja kwa maneno tafauti: "Bima yangu ya safari ni ya mwaka mzima. Si inatosha?" Huniuliza mimi kwa kuwa nimefanya kazi ya bima kwa miaka mingi hapa Muscat. Jawabu yangu huwa ni suali jengine: "Safari hii utakaa siku ngapi?"

Wengi hushangaa. Wamelipia mwaka, karatasi inasema mwaka, sasa siku zinaingiaje? Zinaingia, tena ndizo zinazoamua kama bima yako itakulipia hospitali au utalipa kutoka mfukoni. Nataka kulieleza jambo hili polepole, kwa sababu sisi watu wa Ghuba wenye asili ya Afrika Mashariki tuna desturi ya safari ndefu. Mtu haendi Unguja au Pemba kwa wiki moja. Anakwenda kumuuguza mzee, kumlea mzazi katika arobaini yake, kusimamia nyumba inayojengwa, au kupumzika na joto la hapa mpaka lipungue. Safari za namna hiyo ndizo zinazogongana na mipaka ya bima ya mwaka.

Hesabu mbili katika karatasi moja

Bima ya safari ya mwaka ina hesabu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni umri wa mkataba wenyewe: unaanza tarehe fulani na kumalizika baada ya miezi 12. Ya pili ni urefu wa kila safari. Ndani ya miezi hiyo 12 unaweza kusafiri mara nyingi upendavyo, lakini safari yoyote moja haifai kupita siku zilizoandikwa.

Siku hizo hutafautiana kwa kampuni na kwa kiwango ulichonunua. Utakuta mikataba ya siku 30, 31, 45, 60, 90 na 92. Hapa Ghuba, ya 90 na 92 ni ya kawaida. Ndugu zetu walioko Uingereza wao mara nyingi hukuta siku 31 tu katika mkataba wa bei nafuu, na ukitaka zaidi unaongeza pesa. Bima inayokuja bure na kadi ya benki mara nyingi ina siku chache zaidi, na pengine inataka tiketi iwe imenunuliwa kwa kadi hiyohiyo. Takaful nayo haina tafauti katika hili. Mfumo wake wa kuchangiana ni mwengine, lakini mstari wa siku za safari umo vilevile.

Baadhi ya mikataba ina hesabu ya tatu, nayo ni jumla ya siku zote za safari ndani ya mwaka. Mwenye kwenda na kurudi kila mwezi kwa biashara aitafute hii khasa, maana anaweza asivuke mpaka wa safari moja hata mara moja lakini akavuka ule wa jumla.

Kwa nini kuna mpaka

Watu husema kampuni zinatega mtego. Mimi naona ni hesabu ya biashara, ingawa maelezo yake hufichwa kwa maandishi madogo.

Bei ya bima ya mwaka ni ndogo kwa sababu imepigwa kwa kumfikiria mtu anayeishi kwao, anayetoka mara kadhaa kwa muda mfupi kisha akarudi. Kila siku ya ziada nje ni siku ya ziada ya kuugua, kuanguka au kupata ajali ya gari. Mtu anayekaa nje miezi mitano si msafiri tena mbele ya macho ya kampuni. Amekuwa kama mkaazi wa huko, na mkaazi anahitaji bima ya afya ya mahali anapoishi. Bima ya safari hulipia dharura na kukurudisha nyumbani. Haikutengenezwa kwa dawa za kila mwezi za sukari na presha, wala kwa kumwona daktari mara kwa mara. Mpaka wa siku ndio uzio unaotenganisha mambo haya mawili.

Ukilifahamu hilo, mambo mengine mengi ya mkataba yanaeleweka kwa wepesi.

Miezi mitatu si siku tisini

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakiteleza. Mtu anasema, "Bima yangu ni ya siku 90, na mimi nakwenda miezi mitatu. Sawasawa."

Tuhesabu. Unaondoka Muscat tarehe 10 Juni na kurudi tarehe 10 Septemba. Mikataba mingi huhesabu siku ya kuondoka na siku ya kurudi, zote mbili. Juni, kuanzia tarehe 10 mpaka 30, ni siku 21. Julai ni siku 31. Agosti ni siku 31. Septemba, mpaka tarehe 10, ni siku 10. Jumla ni siku 93.

Mwenye mkataba wa siku 90 amepita kwa siku tatu. Hata mwenye mkataba wa siku 92 amepita kwa siku moja. Kwa safari hiyo, siku ya 90 ilikuwa tarehe 7 Septemba, na siku ya 92 ilikuwa tarehe 9. Siku moja inaonekana si kitu mpaka uikute ndiyo siku aliyoanguka mtu bafuni.

Kwa hivyo usihesabu kwa miezi. Chukua kalenda, tia kidole siku ya kuondoka, sema "moja", kisha endelea mpaka siku utakayoshuka uwanja wa ndege wa kwenu. Ndege ya usiku nayo iangalie: ukiondoka saa tano ya usiku, siku ile ile huweza kuhesabiwa kuwa ya kwanza ingawa umefika asubuhi ya pili.

Safari inaanza wapi na inaisha wapi

Kwa mikataba mingi, safari inaanza unapotoka nyumbani au unapovuka mpaka wa nchi unayoishi, na inaisha unaporudi katika nchi hiyo. Kilichomo katikati yote ni safari moja.

Tuseme umetoka Muscat ukaenda Dar es Salaam, ukapanda boti mpaka Unguja, ukakaa wiki sita, ukaruka Mombasa kwa harusi, ukaenda Nairobi kumwona daktari wa macho, ukarudi Unguja, kisha Muscat. Umeingia nchi mbili na miji minne, lakini kwa bima hiyo ni safari moja, na siku zinaendelea kuhesabika tangu ile ya kwanza. Kuvuka mpaka wa Tanzania na Kenya hakuanzishi hesabu mpya.

Kinachoanzisha hesabu mpya ni kurudi kwenu. Ndiyo maana wengine huniuliza: "Nikirudi Muscat siku mbili halafu nikaenda tena, si nimepata siku 90 nyengine?" Kwa mikataba mingi ndiyo, ikiwa umerudi kweli na umeondoka tena kwa safari mpya. Lakini kuna jambo la kuangalia. Ukiwa umeugua katika safari ya kwanza, maradhi hayo katika safari ya pili yanaweza kuhesabiwa kuwa maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kusafiri, na mikataba mingi haiyalipii. Moyo uliokusumbua mwezi wa Julai na ukatibiwa kwa bima, ukikusumbua tena Septemba katika safari mpya, unaweza kukuta jawabu si ile ya mwanzo.

Na nchi ya kwenu ni ipi? Kwa mwenye pasipoti ya Oman anayeishi Muscat hakuna tabu. Tabu inaanza kwa Mwomani anayefanya kazi Abu Dhabi, au kwa Mtanzania na Mkenya mwenye iqama Dubai, Doha au Muscat. Mikataba mingi hutazama nchi unayoishi kwa iqama, wala haitazami pasipoti, na iqama lazima iwe hai. Lakini baadhi ya mikataba haikulipii kabisa, au hukulipia kidogo, ukisafiri kwenda nchi ya pasipoti yako. Mtu anakata bima Dubai, anakwenda Tanga kwa wazee wake, kumbe kwa mkataba ule Tanga hakuna bima kwake hata siku moja. Suali hili liulize kabla ya kuuliza siku.

Ukipita siku, nini kinatokea

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na makampuni hayafanyi sawa. Kuna namna mbili.

Namna ya kwanza: bima inakulinda kwa siku zilizoandikwa, kisha inasimama. Mwenye mkataba wa siku 90 akikaa siku 110, siku 90 za mwanzo ziko salama, na 20 za mwisho hana kitu.

Namna ya pili ni kali zaidi. Mkataba unasema kwamba safari iliyopangwa tangu mwanzo kuwa ndefu kuliko mpaka haimo kabisa. Maana yake, ikiwa tiketi yako inaonyesha utarudi baada ya siku 110, huna bima hata siku ya kwanza. Ukigongwa na bodaboda wiki ya pili, kampuni itataka kuona tiketi, itahesabu, na itasema safari hii haikuwa ndani ya mkataba tangu ulipotoka mlangoni.

Naandika hili kwa sababu nimeliona. Mama mmoja wa makamo, miaka kadhaa iliyopita, alikwenda Unguja kukaa na binti yake aliyekuwa mjamzito. Tiketi yake ilikuwa ya miezi minne. Mkataba wake wa mwaka ulikuwa na mpaka wa siku 90. Siku ya 104 aliteleza akavunjika nyonga. Wanawe walitaka kumleta Muscat afanyiwe operesheni. Mtu asiyeweza kukaa anasafirishwa kwa kitanda ndani ya ndege, kitanda kinachukua nafasi ya viti kadhaa, na mara nyingi lazima awepo muuguzi au daktari wa kumsindikiza. Gharama hiyo ndiyo bima ya safari ilivyotengenezwa kuilipa. Walipopiga simu kampuni ya bima, waliombwa nakala ya tiketi, na baada ya hapo mazungumzo yakawa mafupi. Familia ikachanga. Kaka mmoja akauza gari. Mama alifika, alitibiwa, na Alhamdulillah anatembea. Lakini deni lilibaki ndani ya nyumba ile muda mrefu, na maneno ya "nani aliikata ile bima" yalibaki muda mrefu zaidi.

Yule mama hakufanya jambo la ajabu. Alifanya ambalo kila mama yetu hulifanya. Mtoto akitarajiwa mwanzo wa Juni, bibi anaondoka tarehe 1 Mei. Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 5 Juni. Arobaini inamalizika tarehe 14 Julai, nayo ni siku ya 75 ya safari. Mpaka hapo mwenye siku 90 yu salama. Kisha anaambiwa kuna harusi ya mpwa wake tarehe 8 Agosti, na haiwezekani aondoke. Tarehe 8 Agosti ni siku ya 100. Bima yake ya siku 90 ilikwisha tarehe 29 Julai, na hata ingekuwa ya 92 ingekwisha tarehe 31. Bibi anacheza ngoma harusini bila bima, na hakuna anayejua.

Bima ya lazima ya Zanzibar

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Kwa mtu mzima ni dola 44 za Kimarekani, na inadumu hadi siku 92.

Wengi wamenifahamisha kwamba sasa hawaoni haja ya bima nyengine. Nawaomba wafikiri tena. Bima ile ni ya mgeni akiwa Zanzibar. Usiitegemee kwa wiki mbili ulizokaa Nairobi au Mombasa, wala kwa mzigo uliopotea njiani kwengine. Vilevile, kuwa na bima yako ya Muscat au Dubai hakukuondolei wajibu wa kuinunua ile ya Zanzibar. Hizi ni bima mbili, kila moja na kazi yake.

Na angalia namba: 92. Mwenye kukaa zaidi ya miezi mitatu huweza kukuta bima zote mbili, ya Zanzibar na ya mwaka, zimemalizika karibu wiki moja. Usidhani moja itaishika mkono nyengine.

Usichanganye siku za bima na siku za viza

Siku 90 za bima na siku 90 za viza ya Schengen ni mambo mawili yasiyojuana. Bima huhesabu kila safari peke yake. Schengen inajumlisha safari zako zote: usikae zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote.

Chukua mfano wa mzazi mwenye mtoto anayesoma Ujerumani. Anakaa siku 50, anarudi Muscat wiki tatu, anakwenda tena siku 50. Kwa bima ya siku 90 kila safari iko ndani. Kwa Schengen amekaa siku 100 ndani ya siku 180, na amevunja sharti.

Uingereza mambo ni kinyume. Mgeni anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi 6 kwa ziara moja, lakini bima yake ya mwaka inakatika siku ya 90 au kabla. Ruhusa ya uhamiaji haikuongezei siku za bima. Tena mgeni akilazwa katika hospitali za serikali kule hulipishwa, na kiwango chake ni asilimia 150 ya bei ya NHS. Miezi mitatu ya mwisho bila bima mjini London si jambo la kuchukulia wepesi, khasa kwa mtu mzima.

Kwa upande wa Schengen, kumbuka pia kwamba ubalozi unataka bima ya angalau euro 30,000 inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen. Ukiomba viza ya kuingia mara nyingi, unaonyesha bima ya ziara ya kwanza, na zinazofuata ni juu yako. Kuna watu hukata bima ya wiki mbili kwa ajili ya viza, kisha hutumia viza ile mwaka mzima wakiamini bima nayo inaendelea.

Mkataba ukimalizika ukiwa safarini

Kuna shimo jengine ambalo halionekani kwa kuhesabu siku za safari peke yake. Tuseme mkataba wako ulianza tarehe 15 Julai mwaka jana, kwa hivyo unamalizika tarehe 14 Julai mwaka huu. Unasafiri na watoto tarehe 25 Juni na kurudi tarehe 25 Agosti. Safari yako ni ya siku 62, mbali kabisa na 90. Lakini mkataba unakufa siku ya 20 ya safari, na siku 42 zilizobaki familia nzima haina bima.

Kampuni nyengine hukubali uuhuishe mkataba ukiwa nje, ikiwa ni kampuni ileile na hakukuwa na pengo hata la siku moja. Nyengine husema wazi kwamba mkataba mpya lazima ununuliwe ukiwa katika nchi unayoishi, kabla ya kusafiri. Dawa yake ni nyepesi: huisha kabla ya kuondoka, na omba karatasi inayoonyesha tarehe mpya. Na ukiwa unakata bima ya mwaka kwa mara ya kwanza, chagua mwezi ambao kwa kawaida uko nyumbani, ili isikwishe katikati ya likizo ya skuli.

Ukijua utakaa zaidi, fanya nini

Njia zipo, na nyingi si ghali ukilinganisha na hatari yenyewe.

Ya kwanza ni kuongeza siku katika mkataba wako wa mwaka. Baadhi ya kampuni huuza kiwango cha juu chenye siku nyingi zaidi kwa kila safari. Omba kabla ya kusafiri, na ipate kwa maandishi.

Ya pili ni kukata bima ya safari moja kwa safari ile ndefu peke yake. Hizi hupatikana kwa muda mrefu, hata miezi sita na zaidi, kutegemea kampuni na umri wa msafiri. Mama anayekwenda kulea arobaini na kubaki mpaka harusi, hii ndiyo yake. Bima ya mwaka mwachie baba anayekwenda na kurudi.

Ya tatu ni kurudi nyumbani katikati, ikiwa tiketi si ghali na hakuna maradhi yaliyojitokeza safari ya kwanza.

Njia ambayo siipendekezi ni kuunganisha: kutumia bima ya mwaka kwa siku 90 za mwanzo, kisha kukata nyengine ukiwa hukohuko Unguja. Mikataba mingi hutaka uwe nyumbani unaponunua na safari iwe haijaanza. Wavuti itachukua pesa yako bila kukuuliza uko wapi. Suali la uko wapi linakuja siku ya kudai.

Kwa wazee kuna jambo la ziada. Bima nyingi za mwaka hupunguza siku, huongeza bei au hufunga mlango kabisa umri ukifika kiwango fulani. Bibi na mjukuu wanaweza kuwa katika karatasi moja ya familia huku mpaka wao si mmoja. Soma mstari wa kila jina.

Kuchelewa si kukaa kwa hiari

Kuna tafauti kati ya kuchelewa kwa hiari na kuzuiliwa. Ukiwa umepanga kurudi ndani ya siku zako, kisha ndege ikafutwa au ukalazwa hospitali, mikataba mingi hukuongezea muda bila malipo mpaka uweze kurudi, kwa siku ilizozitaja. Lakini inataka mambo mawili: uthibitisho, na taarifa ya mapema. Barua ya shirika la ndege, barua ya daktari yenye mhuri na tarehe, na simu kwa namba ya dharura ya bima siku ileile.

Kubaki kwa sababu kuna hitma, kuna harusi, au watoto hawataki kuondoka, hakumo. Ukitaka kuongeza siku kwa sababu hizo, omba kabla siku hazijakwisha na kabla halijatokea la kutokea. Kampuni ikikubali, itakuuliza kwanza kama kuna mtu mgonjwa. Sema kweli.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Yaandike, mpelekee wakala au dalali wa bima kwa barua pepe, na uyahifadhi majibu yake. Maneno ya simu hayashikiki.

1. Kila safari moja ina siku ngapi za juu, na je, siku ya kuondoka na ya kurudi zote zinahesabiwa?
2. Nikipita siku hizo, ninapoteza siku za ziada tu au safari nzima?
3. Kuna mpaka wa jumla ya siku kwa mwaka?
4. Mke, mume na watoto wanalindwa hata wakisafiri bila mimi?
5. Je, nchi ya pasipoti yangu imo?
6. Mkataba ukimalizika nikiwa nje, naweza kuuhuisha?
7. Umri gani siku zinapungua?
8. Namba ya dharura ni ipi, na inapatikana kwa simu ya Tanzania, Kenya au Uingereza?

Suali la nne hulisahau wengi. Kwetu mara nyingi mama na watoto hutangulia na baba hufuata akipata likizo. Baadhi ya mikataba ya familia hutaka mwenye mkataba awe nao safarini.

Ukiona umedhulumiwa

Ikiwa umefuata masharti na bado umekataliwa, usinyamaze. Omba kampuni ikuandikie sababu na kutaja kifungu cha mkataba. Kisha andika malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe kwanza. Wasipokuridhisha, hapa Oman msimamizi wa bima ni Mamlaka ya Huduma za Fedha, iliyochukua nafasi ya Mamlaka ya Soko la Mitaji mwaka 2024. Katika Falme za Kiarabu, malalamiko ya bima hupelekwa Sanadak. Nenda na karatasi zote: mkataba, tiketi, kurasa za pasipoti zenye mihuri, barua za daktari na risiti. Mihuri ya pasipoti ndiyo shahidi mkubwa wa siku, kwako au dhidi yako.

Wiki hii, kabla hujalipia tiketi, itoe ile karatasi ya bima droo ilipo. Tafuta namba ya siku, hesabu kwa kalenda, na andika kwa kalamu nyekundu tarehe ambayo siku ya mwisho inaangukia. Tarehe hiyo mpe na aliyeko safarini, maana mara nyingi karatasi iko Muscat na mtu yuko Wete. Tawakkul ni kumtegemea Mungu baada ya kumfunga ngamia, na kuhesabu siku ni sehemu ya kumfunga. Nakutakieni safari njema, na Mwenyezi Mungu akurejesheni salama.